Kutathmini visima kwa mbinu ya fazi: mwongozo kamili kuanzia swali hadi uamuzi

Chukua visima vitatu kwenye mteremko wa Mlima Meru, mkoani Arusha. Cha kwanza kimepimwa floraidi miligramu 1.4 kwa lita, cha pili 1.6, cha tatu 9. Shirika la Afya Duniani (WHO) limependekeza isizidi 1.5. Ukitumia karatasi ya ndiyo na hapana, kisima cha kwanza kimefaulu na hivyo viwili vimefeli. Lakini anayekunywa maji ya 1.6 anakaribiana mno na jirani yake wa 1.4. Yule wa 9 yuko mahali pengine kabisa: watoto wake wanaota meno ya kahawia, na akiendelea kuyanywa kwa miaka, mifupa yake iko hatarini. Karatasi ile imewatenga waliokaribiana na kuwaweka fungu moja waliotengana.

Halafu floraidi ni jambo moja tu. Kisima kinaweza kuwa na maji safi kabisa lakini pampu ikawa inalala wiki mbili kila mwezi. Kingine kinatoa maji usiku na mchana, ila mfuko wa jumuiya hauna fedha ya kununua hata kipuri kimoja. Ukiambiwa bajeti inatosha kisima kimoja, utaanza na kipi? Swali la namna hii lina vipimo vya maabara, lina maoni ya watu, lina maneno kama "mbali" na "mara kwa mara" ambayo hayana mpaka mkali. Tathmini ya fazi (kwa Kiingereza *fuzzy*, yaani isiyo na mpaka mkali) imetengenezwa kwa maswali haya hasa, na unaweza kuifanya kwa kalamu, karatasi na Excel.

Nitatumia visima viwili vya kijiji cha kufikirika, tarakimu zikiwa za mfano, ili uone kila hesabu inatoka wapi. Kimoja nitakiita Kisima cha Shuleni, kingine Kisima cha Mnadani.

## Wazo lenyewe

Mwaka 1965 Lotfi Zadeh, mzaliwa wa Baku aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alichapisha makala iliyopendekeza kwamba kitu kisilazimike kuwa ndani au nje ya kundi. Kinaweza kuwa ndani kwa kiasi, kuanzia 0 hadi 1. Kiasi hicho tutakiita uanachama. Miaka kumi baadaye Ebrahim Mamdani, mzaliwa wa Tanzania aliyekuwa akifanya kazi London, pamoja na mwenzake Assilian, walichapisha jaribio la kuendesha injini ndogo ya mvuke kwa kanuni zilizoandikwa kwa maneno ya kawaida, mfano wa "joto likizidi kidogo, punguza kidogo". Mwaka 1987 treni ya chini ya ardhi ya Sendai, Japani, ilianza kazi ikiongozwa kwa mantiki hiyo hiyo. Kwa hiyo hii ni hisabati ambayo imekwisha kubeba abiria.

Jambo moja lazima likae sawa kabla hatujaanza. Uanachama wa 0.6 katika daraja la "dhaifu" hausemi kwamba kuna uwezekano wa asilimia 60 kisima kuwa dhaifu. Embe lililoanza kuiva lina ubichi na ubivu kwa pamoja, na hakuna kinachosubiriwa kujulikana zaidi ya hapo. Unalishika mkononi na unaliona. Uwezekano unahusu usichokijua bado. Uanachama unahusu hali yenyewe ilivyo mchanganyiko. Ripoti nyingi huharibika kwa kuchanganya haya mawili.

## Hatua ya 1: Andika swali kwa sentensi moja

"Kutathmini hali ya maji kijijini" si swali. Swali ni hili: *Kati ya visima viwili vinavyotumika sasa, kila kimoja kina tatizo gani kubwa, na fedha za mwaka huu ziende wapi kwanza?*

Sentensi hii inakusaidia kukata mambo. Rangi ya mnara wa tangi haimo. Historia ya nani aliyechimba haimo. Kila kigezo utakachotaka kukiingiza, kiulize: kikibadilika, uamuzi wetu utabadilika? Kama jibu ni hapana, kiache.

Amua pia mapema tathmini hii *haitafanya* nini. Tathmini ya fazi haihalalishi maji. Kiwango cha kitaifa cha maji ya kunywa ni sheria, na kisima kilichovuka kimevuka. Tunachopanga hapa ni uzito wa matatizo na mpangilio wa kuyashughulikia.

## Hatua ya 2: Tenga vigezo vyenye kura ya turufu

Hapa ndipo ninapoomba msomaji asimame zaidi kuliko popote. Hesabu tutakayoifanya mbele ina tabia ya kufidia: ubaya wa kigezo kimoja hupunguzwa na uzuri wa kingine. Kwa umbali na foleni hilo halina shida. Kwa sumu na vimelea ni hatari. Bakteria wa kinyesi kwenye maji hawapungui kwa sababu bomba liko karibu na nyumba.

Kwa hiyo kabla ya fazi yoyote, pitisha visima kwenye mlango wa ndiyo na hapana. Bakteria aina ya *E. coli* wasionekane kabisa katika mililita 100 za maji. Maeneo ya machimbo ya dhahabu, pima pia sumu ya aseniki. Ukomo wa WHO ni miligramu 0.01 kwa lita. Kisima kikishindwa hapa, kinaondolewa kwenye hesabu na kinapelekwa kwenye hatua ya dharura: kutibu kwa klorini, kufunga, au kutangaza kwamba maji yake ni ya kufulia na kumwagilia tu.

Mbona basi floraidi, ambayo nayo ina ukomo, tunaiacha iingie kwenye fazi? Kwa sababu madhara yake yanakuja polepole na kwa ngazi. Kwa maelezo ya WHO, juu ya 1.5 hatari ya meno kubadilika inaongezeka, kati ya 3 na 6 mabadiliko ya mifupa yanaweza kuonekana, na juu ya 10 watu wanaweza kulemaa. Tena katika kata kama Maji ya Chai wilayani Arumeru, na vijiji vingi vya Bonde la Ufa, ukisema kila kisima kilichovuka 1.5 kifungwe leo, watu watakwenda kuchota mtoni. Unahitaji kujua kipi kimevuka kidogo na kipi kimevuka sana. Kama jumuiya yako ina chanzo mbadala salama, weka na floraidi kwenye mlango wa turufu. Huo ni uamuzi wa mahali.

Visima vyetu viwili vya mfano vimepita mlangoni.

## Hatua ya 3: Chagua vigezo vichache visivyojirudia

Tutatumia vinne.

Floraidi, miligramu kwa lita.
Uhakika wa maji, yaani siku ambazo maji yalitoka katika siku 30.
Muda wa kuchota: kwenda, kupanga foleni, kujaza ndoo ya lita 20 na kurudi, kwa dakika.
Uendeshaji: mfuko, fundi, vipuri na uwajibikaji wa kamati.

Sera ya Maji ya Tanzania ya mwaka 2002 ilitaka kituo cha kuchotea kiwe ndani ya mita 400 na kihudumie watu 250. Ungeweza kuingiza umbali na idadi ya watu kama vigezo viwili. Ila vyote viwili tayari vinaonekana kwenye muda: aliye mbali anachelewa, na penye watu wengi foleni ni ndefu. Ukiviweka vyote vitatu, umeihesabu shida moja mara tatu bila mtu kutambua. Hili ni kosa la kawaida sana kwenye tathmini zenye vigezo ishirini.

Na uwe na vigezo kati ya vinne na saba kwa ngazi moja. Vikizidi, kila kimoja kinapata uzito mdogo mno hata matokeo yote yanafanana. Kama huna budi kuwa na vingi, vipange kwa makundi, tathmini kila kundi peke yake, kisha matokeo ya makundi yaingie kwenye hesabu ya juu.

## Hatua ya 4: Weka madaraja na uyaeleze kwa maneno

Madaraja manne yanatosha: Nzuri, Inayoridhisha, Dhaifu, Mbaya. Ninapendelea manne kuliko matano kwa sababu ukiweka la katikati kabisa, watu wengi hukimbilia hapo ili wasionekane wamesema kitu.

Usiyaache madaraja yakiwa majina matupu. Kwa uendeshaji, andika hivi na uwasomee watu kabla hawajapiga kura:

*Nzuri*: mfuko una fedha ya matengenezo makubwa, fundi yupo kijijini, mapato na matumizi yanasomwa mkutanoni.
*Inayoridhisha*: matengenezo madogo yanafanyika ndani ya siku chache, hesabu zipo japo hazisomwi kila mara.
*Dhaifu*: pampu ikiharibika wanachanga upya, fundi anaitwa kutoka wilayani.
*Mbaya*: hakuna mfuko, kamati haikutani, hakuna anayejua funguo ziko kwa nani.

Bila maelezo haya, "dhaifu" ya mzee anayekumbuka enzi za kuchota bondeni na "dhaifu" ya kijana aliyehamia kutoka Arusha mjini ni vitu viwili tofauti.

## Hatua ya 5: Geuza vipimo kuwa uanachama

Kwa kigezo kinachopimwa kwa namba, chagua nguzo: thamani ambapo daraja linakuwa kamili. Kati ya nguzo mbili, uanachama unahama taratibu kutoka daraja moja kwenda la pili kwa mstari ulionyooka.

Nguzo za floraidi tuziweke hivi: Nzuri hadi 1.0, Inayoridhisha kwenye 1.5, Dhaifu kwenye 3, Mbaya kuanzia 6. Sikuziokota, 1.5, 3 na 6 zinatoka kwenye ngazi za madhara nilizotaja juu. Nguzo isiyo na sababu ndiyo sehemu ya kwanza ambayo mpinzani wa ripoti yako ataishika, na atakuwa na haki.

Kisima cha Shuleni kina floraidi 2.4. Kiko kati ya 1.5 na 3. Uanachama katika Dhaifu ni (2.4 − 1.5) ÷ (3 − 1.5) = 0.6. Uanachama katika Inayoridhisha ni kinachobaki, 0.4. Safu yake ni: 0, 0.4, 0.6, 0.

Sasa rudi kwenye vile visima vitatu vya mwanzo. Cha 1.4 kinapata Nzuri 0.2 na Inayoridhisha 0.8. Cha 1.6 kinapata Inayoridhisha 0.93 na Dhaifu 0.07. Cha 9 ni Mbaya 1 kamili. Waliokaribiana wamekaribiana, aliye mbali amebaki mbali.

Kwenye Excel, kama kipimo kiko kisanduku B2, uanachama wa daraja la katikati lenye nguzo 1.5 upande wa kushoto, 3 katikati na 6 kulia ni:

=MAX(0,MIN((B2-1.5)/(3-1.5),(6-B2)/(6-3)))

Daraja la Nzuri, lililo pembeni: =MAX(0,MIN(1,(1.5-B2)/(1.5-1))). La Mbaya: =MAX(0,MIN(1,(B2-3)/(6-3))). Hakikisha kila safu inajumlika kuwa 1. Isipojumlika, kuna nguzo umeikosea. Baadhi ya kompyuta hutaka nukta mkato badala ya mkato ndani ya fomula.

Kwa uhakika wa maji: Nzuri kuanzia siku 28, Inayoridhisha 24, Dhaifu 15, Mbaya 6 kushuka chini. Kisima cha Shuleni kilitoa maji siku 26, kwa hiyo 0.5, 0.5, 0, 0.

Kwa muda: Nzuri hadi dakika 10, Inayoridhisha 30, Dhaifu 60, Mbaya kuanzia 120. Dakika 30 kwenda na kurudi ndizo zinazotumiwa kimataifa kutambua huduma ya msingi ya maji, ndiyo maana nguzo ya pili iko hapo. Shuleni wanatumia dakika 36: 0, 0.8, 0.2, 0.

Angalizo kuhusu vipimo. Floraidi ya kisima inaweza kubadilika kati ya masika na kiangazi, basi pima majira yote mawili. Ikiwa vipimo vyako vinatembea kati ya 2.1 na 2.7, fanya hesabu kwenye ncha zote mbili: kwenye 2.1 Dhaifu ni 0.4, kwenye 2.7 ni 0.8. Tofauti hiyo iandike kwenye ripoti. Na ukiwa kijijini waeleze watu kwamba kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki pale pale kwenye sufuria.

## Hatua ya 6: Kusanya maoni kwa namna inayolinda ukweli

Uendeshaji haupimwi na maabara. Hapa uanachama unatokana na kura: watu 20 wakipiga, na 2 wakasema Nzuri, 6 Inayoridhisha, 8 Dhaifu, 4 Mbaya, safu ni 0.10, 0.30, 0.40, 0.20. Hesabu ni nyepesi. Kazi ni kupata kura za kweli.

Mwenyekiti wa kijiji akizungumza kwanza, umekwisha kupata jibu moja mara ishirini. Wanawake na watoto ndio wanaochota, lakini kwenye baraza utakuta wanaume wamekaa mbele wanajibu. Weka bakuli nne nyuma ya khanga iliyotandazwa kwenye kamba, kila bakuli lina karatasi ya daraja lake na mchoro kwa asiyesoma. Kila mtu anapewa punje moja ya haragwe, anaingia peke yake, anadondosha, anatoka. Ukitaka kulinganisha makundi, akina mama wape haragwe jekundu, akina baba jeupe. Rangi zikitofautiana sana kati ya bakuli, hiyo yenyewe ni habari. Ripoti makundi mawili, usiyachanganye haraka.

Wajumbe wa kamati ya maji wasipige kura juu ya uendeshaji wao. Wasikilizwe pembeni, kwa heshima, kwa kuwa wanajua mambo ambayo wengine hawayajui: kwa mfano kwamba fedha zilitumika kulipa deni la umeme.

## Hatua ya 7: Tafuta uzito wa kila kigezo

Ukimwuliza mtu "floraidi ina uzito wa asilimia ngapi?" atakutajia namba yoyote. Mwulize swali dogo zaidi: kati ya floraidi na uhakika wa maji, kipi muhimu zaidi, na kwa mara ngapi? Njia hii ya kulinganisha viwili viwili iliwekwa na mwanahisabati Thomas Saaty miaka ya 1970, kwa kipimo cha 1 (sawa) hadi 9 (kinazidi kabisa).

Tuseme kikao cha wataalamu na wawakilishi wa kijiji kimekubaliana hivi:

| | Floraidi | Uhakika | Muda | Uendeshaji |
|---|---|---|---|---|
| Floraidi | 1 | 2 | 3 | 2 |
| Uhakika | 1/2 | 1 | 2 | 1 |
| Muda | 1/3 | 1/2 | 1 | 1/2 |
| Uendeshaji | 1/2 | 1 | 2 | 1 |

Zidisha namba za kila mstari, kisha utafute kipeuo cha nne cha jibu. Mstari wa floraidi: 1 × 2 × 3 × 2 = 12, kipeuo chake cha nne ni 1.861, maana 1.861 × 1.861 × 1.861 × 1.861 ni karibu 12. Mistari mingine inatoa 1, 0.537 na 1. Jumla 4.398. Gawanya kila moja kwa jumla, kadiria, unapata: floraidi 0.42, uhakika 0.23, muda 0.12, uendeshaji 0.23.

Sasa kagua kama kikao hakikujipinga. Floraidi ni mara 2 ya uhakika, uhakika ni mara 2 ya muda, kwa hiyo floraidi ingetakiwa iwe mara 4 ya muda. Wao walisema 3. Ni upungufu mdogo. Kipimo cha Saaty kinapatikana kwa kuzidisha jedwali na uzito, kugawanya kila jibu kwa uzito wake na kuchukua wastani, ambao hapa unatoka 4.01. Toa 4, gawanya kwa 3, kisha gawanya kwa 0.90 (namba maalumu ya vigezo vinne, kwa vitatu ni 0.58, kwa vitano 1.12). Jibu ni kama 0.004. Chini ya 0.1 linakubalika. Likizidi, usirekebishe namba mwenyewe ofisini. Rudi kwa waliosema, uwaonyeshe pale wanapojipinga, waamue wao.

## Hatua ya 8: Unganisha

Kwa kila daraja, zidisha uanachama wa kila kigezo kwa uzito wake na ujumlishe. Kisima cha Shuleni, daraja la Inayoridhisha:

0.42 × 0.4 + 0.23 × 0.5 + 0.12 × 0.8 + 0.23 × 0.3 = 0.448

Excel inafanya hivyo kwa SUMPRODUCT. Matokeo kamili ya Shuleni ni Nzuri 0.138, Inayoridhisha 0.448, Dhaifu 0.368, Mbaya 0.046.

Kisima cha Mnadani kina floraidi 0.8 (Nzuri 1), maji siku 15 tu (Dhaifu 1), muda dakika 75 (Dhaifu 0.75, Mbaya 0.25), na kura za uendeshaji 0, 0.2, 0.5, 0.3. Matokeo: Nzuri 0.420, Inayoridhisha 0.046, Dhaifu 0.435, Mbaya 0.099.

Kuna namna nyingine ya kuunganisha, ya kizamani zaidi: badala ya kuzidisha unachukua kidogo kati ya uzito na uanachama, na badala ya kujumlisha unachukua kikubwa kuliko vyote. Kwa Shuleni namna hiyo inatoa 0.23, 0.40, 0.42, 0.20, na kisima kinageuka Dhaifu, kwa sababu kigezo kimoja kizito, floraidi, kimeshika usukani peke yake. Itumie unapotaka tatizo kubwa kuliko yote lisifunikwe. Kwa kupanga bajeti ninatumia ya kuzidisha na kujumlisha, maana inasikiliza vigezo vyote, na sumu tumekwisha kuizuia mlangoni.

## Hatua ya 9: Soma matokeo yote, usikimbilie namba moja

Watathmini wengi hufika hapa, wakachagua daraja lenye uanachama mkubwa, wakafunga daftari. Tufanye hivyo tuone. Shuleni ni Inayoridhisha (0.448). Mnadani ni Dhaifu (0.435). Basi Shuleni ni bora?

Sasa tumia njia ya pili inayopendwa: wape madaraja alama 4, 3, 2, 1 na utafute wastani. Shuleni inapata 2.68. Mnadani inapata 2.79. Basi Mnadani ni bora!

Njia mbili halali, takwimu zile zile, majibu yanapingana. Hakuna hesabu iliyokosewa. Ukitazama safu ya Mnadani utaona kilichotokea: Nzuri 0.42 na Dhaifu 0.435 zinakaribia kulingana, na katikati ni kama hakuna kitu. Kisima hiki kimegawanyika. Maji yake ni mazuri, huduma yake imeoza. Wastani wa 2.79 unakichora kama kisima cha katikati, kitu ambacho sicho hata kidogo. Shuleni ndicho cha katikati kweli: uzito wake mwingi umekaa kwenye Inayoridhisha na Dhaifu, unasukumwa chini hasa na floraidi.

Hapa ndipo mbinu inapolipa jasho lake. Mnadani panahitaji pampu, fundi na kamati inayosoma mapato, mambo ambayo fedha na uongozi vinaweza kuyabadilisha ndani ya mwaka. Shuleni panahitaji kuondoa floraidi, labda kwa vichujio vya mkaa wa mifupa kama vilivyofanyiwa kazi miaka mingi kwenye kituo cha utafiti cha Ngurdoto, au kuchanganya maji na ya chanzo chenye floraidi ndogo. Ni kazi ndefu na ina gharama ya kudumu ya kubadilisha mkaa. Kama bajeti ni ya kisima kimoja mwaka huu, mimi ningeanza na Mnadani, kwa hoja kwamba kikisimama vizuri, maji yake ya kunywa na kupikia yanaweza kuwafaa hata familia za upande wa Shuleni, hasa zenye watoto wadogo ambao meno yao bado yanajijenga.

## Hatua ya 10: Tikisa uzito uone kama jibu linasimama

Punguza uzito wa floraidi kutoka 0.42 hadi 0.30, na kilichopungua ugawie vigezo vingine kwa uwiano wao. Shuleni inakuwa 2.74, Mnadani 2.54. Mpangilio umegeuka. Ukitafuta mahali hasa unapogeukia, ni karibu na 0.38, yaani hatua ndogo tu kutoka pale kikao kilipokubaliana.

Iseme waziwazi kwenye ripoti: kwa alama za wastani, hakuna kisima kilichoshinda kwa nguvu. Kinachosimama imara, uzito uupeleke huku au kule, ni utambuzi wa tatizo la kila kimoja, kwa sababu huo unatoka kwenye safu za vigezo zenyewe, si kwenye uzito. Mtu anayekuletea orodha ya visima hamsini vimepangwa kwa tarakimu tatu baada ya nukta, bila kutikisa uzito, mwombe afanye hatua hii kabla hujasaini chochote.

## Hatua ya 11: Andika na uwasilishe

Kwa ofisi ya RUWASA ya wilaya, wakala wa maji vijijini ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019, peleka jedwali lote: nguzo na sababu zake, safu za uanachama, jedwali la kulinganisha vigezo pamoja na nani walikuwepo, matokeo, na mahali mpangilio unapogeukia. Mhandisi anayetaka kubadilisha nguzo ya muda kutoka dakika 30 hadi 20 aweze kuibadilisha mwenyewe na kuona kinachotokea.

Kwa mkutano wa kijiji na kwa chombo cha watumia maji, chora pau nne za rangi kwa kila kisima kwenye karatasi kubwa, urefu ukifuata uanachama. Usiseme "uanachama 0.435". Sema: "Kisima cha Mnadani maji yake ni mazuri, lakini nusu ya mwezi hayatoki, na kura zenu wenyewe zimeonyesha kamati haiaminiki." Kisha taja kilichoamuliwa, fedha zinazohitajika, na nani atawajibika.

Faili la Excel liache na nguzo zile zile kwa tathmini ijayo. Ukibadilisha nguzo kila mwaka huwezi kujua kama ni kisima kilichopona au ni kipimo kilicholegea. Kama ni lazima kubadilisha, pitisha takwimu za zamani kwenye nguzo mpya, uziweke safu mbili kando kwa kando, ndipo ulinganishe.